Maua Yaliyolala Chumba Kimoja na Ndizi

Maua yalifika Alhamisi saa moja asubuhi. Mama mkwe akafika saa tatu. Kama mmoja wao angechelewa siku moja tu, nyumba ile ya Kiseke ingemaliza wiki kwa amani.

Maua yalitoka Arusha kwa basi, maboksi manne marefu. Kulikuwa na waridi nyeupe, waridi za pinki, na karnesheni, yale maua ambayo kingo zake ni kama zimekatwa na fundi cherehani aliyekosa subira. Bernadetta aliyafungua kwenye korido huku amebana pumzi. Yote yalikuwa yamefumba, yamekaza kama ngumi za mtoto mchanga.

"Hayajachoka," alisema.

"Kwani yametembea?" akauliza Kija.

Kija ndiye mwenzake wa kazi ya kupamba harusi, jirani wa nyumba ya tatu, Msukuma mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Walikaa chini wakaanza. Majani yote ya chini yanatolewa, kwa sababu jani likikaa kwenye maji linaoza na ndoo inakuwa supu. Shina linakatwa mshazari, tena likiwa ndani ya maji, ili lisimeze hewa. Halafu ua linaingia kwenye ndoo yenye maji safi, sukari kidogo, ndimu, na tone la jiki.

"Mimi kwangu chai ya rangi nakunywa bila ndimu," alisema Kija, "halafu maua ya Mzee Luhende yanakunywa juisi."

"Nyamaza, kata mshazari. Hilo umekata kama muhogo."

Ndoo kumi na moja zikaingia stoo. Stoo ile imejengwa ikiegemea jiwe la mlima, kwa hiyo ukuta wake wa nyuma ni wa baridi mchana kutwa. Revocatus, muuzaji wa Arusha, alikuwa ametuma maelekezo kwa sauti: kuwe na baridi, kuwe na giza, kusiwe na moshi, kusiwe na matunda. Bernadetta akatoa maembe mawili, akatoa parachichi, akatoa hata ndimu zilizobaki. Akafunga mlango kwa heshima kama wa sakristia.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Bibi harusi alikuwa Rachel, binti wa Mzee Luhende mwenye mashua za uvuvi pale Igogo. Rachel alitaka maua halisi, baba yake akakubali, lakini mwenyekiti wa kamati, Wilhelmina, mama mdogo wa bibi harusi, alitaka yale ya plastiki ya Gladness wa Buhongwa. Alishasema kwenye kikao, watu wote wakisikia: "Plastiki haifi. Haya mengine tukiaibika, huyu dada hatapamba tena mji huu hata kipaimara cha paka."

Bernadetta alicheka na wengine siku ile. Hakuwa na kingine cha kufanya. Miaka sita alikuwa amekodisha plastiki yeye mwenyewe, mpaka akachoka kuosha vumbi kwenye maua kwa mswaki. Akaiuza yote ili aanze na maua yanayopumua. Tena aliyeinunua ni huyo huyo Gladness. Kwa hiyo Jumamosi ikiharibika, hata plastiki ya kurudia hana.

*

Ma Kokulinda, huyo mama mkwe, alishuka kwenye meli ya Bukoba na begi moja dogo na mikungu mitatu ya ndizi. Miwili ilikuwa mibichi, ya kupika. Wa tatu ulikuwa wa ndizi za juisi, umefungwa kwa majani makavu ndani ya gunia, na ulikuwa umeshaanza kuiva, maana alikusudia kumkamulia mwanae juisi ya nyumbani.

Bernadetta alipiga goti mlangoni. "Shikamoo, Ma."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Mnakula nini huku? Wali?"

Neno wali alilitamka kama mtu anayetaja ugonjwa.

"Ziende wapi hizi, Ma?" aliuliza Muganyizi, mume wa Bernadetta, mwalimu wa jiografia, mkungu ukiwa begani.

"Ndani, baba. Penye giza. Ndizi haziachwi nje kama kuni."

Hilo halikuhitaji maelezo. Ndizi alizobeba mama kutoka shambani kwake zinaingia ndani. Ukiziacha uani ni sawa na kumwambia arudi nazo. Muganyizi akafungua stoo, akasogeza ndoo kwa mguu, akapanga mikungu yote mitatu katikati ya waridi. Ma Kokulinda akasimamia. Akaweka gunia sawa, akalifunika blanketi ili ziive pamoja, kisha akachukua kitambaa akaziba uwazi wa chini ya mlango.

Bernadetta aliona yote haya. Aliziona ndizi, aliyaona maua, na hakuna kilichomgonga kichwani. Yeye mwenyewe ni mtoto wa Muleba, kwenye migomba. Embe ni tunda. Papai ni tunda. Ndizi ni chakula.

*

Ijumaa asubuhi Kija ndiye aliyefungua stoo.

"Bernadetta! Njoo. Maua yako yamesinzia."

Karnesheni zilikuwa zimejikunja kwa ndani, kila moja kama mtu aliyevuta shuka usoni. Waridi zilisimama, lakini Bernadetta alipogusa moja, petali zikamwagika zote sakafuni, akabaki ameshika kijiti. Akagusa ua la pili kwa kidole kimoja, taratibu. Nalo likamwagika. La tatu hakuligusa. Likamwagika lenyewe.

"Usipumue," alimwambia Kija.

"Sijapumua tangu jana."

"Ni maji haya. Bomba lilitoa maji ya njano juzi."

"Au Gladness amepita hapa."

"Gladness hajawahi kukanyaga Kiseke."

"Si lazima akanyage," alisema Kija, na akachungulia nyuma ya mlango.

Bernadetta alimpigia Revocatus. Akaweka spika, Kija naye asikie.

"Kuna moshi hapo, dada?" aliuliza Revocatus.

"Hakuna."

"Kuna gari linawashwa karibu na dirisha?"

"Gari lipi, kaka? Tuna baiskeli."

"Matunda?"

"Nimetoa yote. Mpaka ndimu."

"Yaani hakuna kitu chochote kinachoiva humo ndani?"

Bernadetta akageuka taratibu. Gunia lilikuwa limekaa katikati ya ndoo, limevaa blanketi, linatoa harufu tamu.

"Kuna ndizi," alisema.

"Ndizi?"

"Lakini hizo si matunda, kaka. Ni chakula."

"Ngapi, dada? Mbili? Tatu?"

"Tatu."

"Ndizi tatu si nyingi sana—"

"Mikungu mitatu."

"Mungu wangu," alisema Revocatus wa Arusha. "Dada, ndizi ikiiva inatoa hewa. Wewe huioni. Maua yakiivuta yanajua muda wao umekwisha, yanazeeka. Kwa siku moja umeyaongezea umri wa wiki nzima. Mlango ulikuwa wazi angalau?"

Bernadetta alitazama kitambaa cha chini ya mlango, kilivyopangwa vizuri.

"Ulikuwa umezibwa," alisema kwa sauti ndogo.

"Toa hizo ndizi sasa hivi. Fungua madirisha. Kata mashina upya. Waridi zilizoinamisha shingo zifunge kwenye gazeti, zisimamishe kwenye maji ya uvuguvugu mpaka shingoni, saa mbili. Zilizomwagika, pole. Karnesheni zikishasinzia haziamki."

Kabla hajakata, ujumbe ukaingia. Ni mwenyekiti Wilhelmina: *Tuma picha ya maua kamati ione.*

Bernadetta alitafuta kwenye simu akatuma picha ya jana. Jibu likaja haraka. *Mazuri. Hata hivyo Gladness nimemwambia akae karibu na simu yake.*

*

Kutoa ndizi kulikuwa kazi ya dakika mbili. Tatizo lilikuwa mwenye ndizi, aliyekuwa sebuleni anakunywa chai.

"Ni mama yako," Bernadetta alimwambia mumewe uani. "Mwambie wewe."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ndizi zake zinazeesha maua."

"Mama Justa, sikia unachosema." Justa ni binti yao, yuko shule ya bweni. "Nimwambie mama yangu, aliyevuka ziwa na mikungu mitatu, kwamba ndizi zake zina hewa mbaya?"

"Si mbaya. Ni ya kuzeesha."

"Hiyo ndiyo nzuri?"

Akasukumwa ndani. Wanawake wawili wakasikiliza dirishani. Walisikia kikohozi, wakasikia habari za shamba, habari za padri mpya, habari za mguu wa jirani. Dakika kumi baadaye Muganyizi akatoka.

"Umemwambia?"

"Nilikuwa naelekea huko. Anasema blanketi halitoshi, anaomba la pili."

Kija alicheka mpaka akashika ukuta. Bernadetta hakucheka. Akaingia mwenyewe, akapiga goti, akaeleza kila kitu, tangu Arusha mpaka hewa isiyoonekana. Ma Kokulinda alisikiliza bila kukata neno, kikombe mkononi.

"Tangu lini ndizi ikaua mtu?" aliuliza mwishowe.

"Si mtu, Ma. Ni maua."

"Maua." Akaweka kikombe chini. "Bernadetta, ndizi hizi ndizo zilizomsomesha huyo mume wako. Kila karo yake ilitoka mgombani na kwenye kahawa. Sijawahi kumsikia akikohoa kwa ajili ya hewa yake."

"Ni kwa leo na kesho tu, Ma. Jumapili nazirudisha ndani mwenyewe."

"Hapana. Usisumbuke."

Alipokataa usaidizi ndipo Bernadetta alipojua mambo yameharibika. Ma Kokulinda, mama wa miaka sabini na moja, alikokota mkungu mmoja baada ya mwingine mpaka uani, mbele kabisa, karibu na geti. Muganyizi alijaribu kushika, akapigwa kofi mkononi. Kisha mama akaleta kigoda, akakaa pembeni ya ndizi zake, akafungua mwavuli. Nusu ya mwavuli ilimkinga yeye, nusu ilizikinga ndizi.

Saa nne asubuhi, mtaa wote unapita pale.

"Shikamoo bibi, umekuja lini?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja jana. Leo nimefukuzwa na maua."

Kufikia saa tano watu walikuwa wanapita mara mbili mbili. Mama muuza mchele alisimama kabisa, akaweka beseni chini, akasimuliwa tangu meli. Muganyizi alikumbuka ana madaftari ya kusahihisha shuleni, akachukua baiskeli.

Ndani, Bernadetta na Kija walikata mashina upya, wakafunga waridi kwenye magazeti, wakazisimamisha kwenye maji ya uvuguvugu kama watoto wenye homa. Saa nane wakafungua. Zilizoinua shingo zilikuwa sitini na mbili. Wakazivua petali za nje zilizochoka, moja moja, mpaka zikapata uso mpya. Hizo zilitosha shada la bibi harusi, altare, na meza kuu. Kwa meza ishirini za wageni, ambapo karnesheni zilitakiwa kukaa kwenye mabakuli ya kioo, hapakuwa na kitu.

"Tuweke mishumaa," alisema Kija.

"Walilipia maua."

"Tuchume bugenvilia za jirani."

"Ukiikata tu inalala. Utaona karatasi mezani."

Kija akafuta kisu kwenye kanga. "Unataka zambarau?" aliuliza. "Maana najua mahali yalipo maua ya zambarau ekari na ekari, na hakuna anayeyalinda. Mzee Luhende mwenyewe ana vibarua wa kuyang'oa."

Bernadetta alimtazama. "Kija. Hayo ni magugu maji."

"Magugu ni jina. Nimeuliza kama unataka zambarau."

*

Walipofika getini na mabeseni, Ma Kokulinda alikuwa bado amekaa. Watu walikuwa wamepungua, na jua lilikuwa limezunguka upande wake.

"Mnakwenda wapi?"

"Ziwani, Ma. Kutafuta maua mengine."

Alifikiria kidogo. Akikaa pale, mama muuza mchele angerudi na dada zake. Akafunga mwavuli. "Nakuja," alisema. "Siongei na wewe, lakini nakuja."

Pale Igogo magugu yalikuwa yamejibana ufukweni, kijani kibichi, na juu yake mashina ya maua ya zambarau isiyokolea, kila petali ya juu ina doa la njano kama jicho. Kija alipandisha kanga akaingia mpaka magotini.

"Usikae sana, kuna kichocho," alisema Bernadetta.

"Kichocho kinanijua. Nimezaliwa hapa."

Akakata maua kwa kisu, moja baada ya lingine, akajaza beseni. Bernadetta akayapanga vizuri, mashina chini ya maji, mshazari, kila kitu kwa utaratibu. Haikupita nusu saa maua yakaanza kulegea. Yakainama ukingoni mwa beseni kama nguo mbichi.

Bernadetta alikaa juu ya jiwe. Hapo ndipo alipolia, kimya kimya, mkasi mkononi.

Ma Kokulinda alikuwa amesimama nyuma yao, hajasema neno tangu Kiseke. Akachuchumaa, akachukua ua moja lililolegea, akaligeuza.

"Nani amewafundisha kukata?" aliuliza.

"Maua yanakatwa, Ma."

"Kwetu tukipamba geti la harusi kwa migomba, hatukati. Mgomba ukiukata asubuhi, mchana umening'iniza majani, wageni wanakuta msiba. Unaung'oa na mizizi na udongo wake, unausimamisha. Hata wiki unakaa haujajua kama umehama." Akaonyesha magugu. "Hiki nacho kina mizizi. Kibebeni chote, na maji yake. Tena msichukue yaliyofunguka. Hayo yamemaliza siku yake. Chukueni yenye vitumba."

Wakabeba magugu ishirini na tano mazima, mizizi myeusi inaning'inia kama ndevu, kila moja ndani ya maji ya ziwa. Kwenye bajaji Ma Kokulinda alipakata beseni kubwa kuliko yote, maji yakamlowesha kitenge. Hakulalamika. Kila bajaji ilipoingia shimoni alilikumbatia.

Usiku ule alilala ndani. Ndizi zilibaki nje, zimefunikwa mablanketi mawili.

*

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi vitumba vilikuwa vimefumba. Saa moja vimefumba. Saa mbili, mabeseni yakiwa juani uani, watu watatu wameyazunguka, vimefumba.

"Mwambie yafunguke," Kija alimwambia Muganyizi. "Wewe si mwalimu?"

"Mimi ni wa jiografia."

Saa tatu kitumba kimoja kikalegea. Kikafuata cha pili. Kufikia saa nne mabeseni yote yalikuwa zambarau, na Ma Kokulinda alikuwa ameshasema mara nne kwamba yeye hakuwa na wasiwasi.

Sherehe ilikuwa ya mchana, kwa sababu ukumbi ulikuwa na harusi nyingine jioni. Bernadetta alipeleka kanisani shada na maua ya altare, akarudi mbio ukumbini. Wakaosha majani, wakachambua mizizi, wakapunguza iliyozidi, wakaweka gugu moja kwa kila bakuli la kioo. Ndani ya kioo mizizi ilisimama kama moshi ulioganda. Meza ishirini. Bernadetta alisogea nyuma, akakunja mikono. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa alipumua.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mwenyekiti Wilhelmina, amevaa sare ya kamati, satini ya rangi ya maziwa, na nyuma yake Mzee Luhende. Walikuwa wametangulia kukagua kabla ya maharusi. Wilhelmina akatembea mpaka meza ya kwanza, akainama, akanyooka.

"Shemeji," alimwita Mzee Luhende. "Njoo uone tulichowekewa."

Mzee Luhende akaja. Ni mtu mnene, mpole, anayeongea polepole. Alitazama bakuli. Akatazama meza ya pili. Akazungusha macho ukumbi mzima.

"Dada," alimwambia Bernadetta, "hiki ni nini?"

"Shikamoo, mzee. Ni maua."

"Marahaba. Najua ni maua. Haya mimi nimelipa vibarua miaka ishirini wayatoe. Leo nimekulipa wewe uyalete?"

"Nilisema!" Wilhelmina alikuwa ameshatoa simu. "Nilisema kwenye kikao! Magugu kwenye harusi ya mtoto wetu! Gladness yuko nje na gari lake la kirikuu, magunia ya plastiki yamejaa, dakika ishirini anamaliza. Na ile picha uliyonitumia jana, zile karnesheni ziko wapi?"

Kija alifungua mdomo. Bernadetta akamshika mkono.

"Ile picha ilikuwa ya Alhamisi, mama," alisema. Sauti ilikuwa inamkimbia, akaifuata. "Jana yalikuwa yameshakufa. Nilikudanganya. Waridi nimeziokoa sitini na mbili, ziko kanisani na meza kuu. Za huku sina. Niliona heri niweke kitu kilicho hai."

"Yalikufaje?" aliuliza Mzee Luhende.

Bernadetta akanyoosha kitambaa cha meza. Kuna vitu mkwe hasemi mbele za watu, hata kama kazi inaondoka.

"Ni ndizi zangu," sauti ilitoka mlango wa jikoni.

Ma Kokulinda alikuwa amesimama pale, kitenge bado kina doa la maji ya ziwa. Alikuja mbele taratibu. "Maua yalikuwepo, mzee mwenzangu. Mazuri, ya Arusha. Mimi nilikuja na ndizi nikayalaza nayo chumba kimoja, nikaziba na mlango. Zikayazeesha. Huyu aliniambia, nikakaa barabarani siku nzima kumtangaza." Akavuta pumzi. "Kosa lina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi. Yeye mwacheni."

"Ndizi?" alisema Mzee Luhende.

"Ndizi."

"Zinazeesha maua?"

"Nami nilikataa hivyo hivyo."

Mzee Luhende akavuta kiti, akakaa kwenye meza ya kwanza. Kiti kilipiga kelele. Akasogeza bakuli karibu, akaweka kidole kwenye lile doa la njano. Wilhelmina alisimama na simu sikioni, inaita.

"Mimi haya," alisema mzee, "sijawahi kuyaona nikiwa nimekaa. Siku zote nayaona nimeinama kwenye injini, nakata mizizi iliyojisokota kwenye pangaboi la mashua, natukana." Akageuza bakuli. "Kumbe yana sura."

"Shemeji, Gladness amepokea," alinong'ona Wilhelmina. "Nimwambieje?"

"Mwambie aingie ale. Magunia yabaki kwenye kirikuu." Akainuka, akamnyooshea Bernadetta kidole. "Lakini sikiliza, dada. Umeleta ishirini?"

"Ishirini mezani, mzee. Na matano ya akiba jikoni."

"Ishirini na tano nayataka jioni. Yakauke, yachomwe, mimi nikiangalia. Likirudi ziwani hata moja likazaa, nakudai wewe."

*

Maharusi waliingia, watu wakapiga vigelegele, na kwa saa nzima hakuna aliyesema neno magugu. Bernadetta alijua wamejua, kwa sababu aliona watu wa Igogo wakichungulia bakuli, wakitazamana, wakitoa simu na kupiga picha. Rachel mwenyewe alipita meza zote na shada lake. Alipofika ya nane akapigwa picha amelishika bakuli shavuni. Gladness alikula sahani mbili, akamwambia Kija kwamba hayo maua kwenye plastiki hayapo, ameshatafuta.

Tatizo lilikuja saa kumi na moja, wapambaji wa harusi ya jioni wakiwa wameshaanza kugonga mlango. Bernadetta na Kija walipita kukusanya. Mabakuli yalikuwa ishirini. Magugu yalikuwa kumi na moja.

"Wameiba," alisema Kija.

"Wameiba magugu?"

"Nenda getini. Mimi nafunga mlango wa nyuma."

Bernadetta hakuwahi kusimamisha watu maishani mwake. Alisimama getini na beseni, akainamisha kichwa, akawa anasema, "Samahani mama, ni agizo la Mzee," na kina mama wa heshima, wenye vilemba, wakawa wanafungua mifuko yao kimya kimya. Mmoja alikuwa ameliviringisha kwenye kanga mgongoni kama mtoto. Katekista alikuwa nalo ndani ya mwavuli. Wote walisema walitaka mbegu tu. Yakafika kumi na tisa.

Wa mwisho kutoka alikuwa Wilhelmina. Alitembea haraka, mkoba ameubana kwapani, kichwa juu. Nyuma yake, kutoka mlango wa ukumbi mpaka pale alipo, kulikuwa na mstari wa maji.

"Mwenyekiti," Kija alipaza sauti kutoka barazani, "mkoba unakojoa!"

"Ni maji ya kunywa," alisema Wilhelmina.

Kwenye zipu palitokeza mzizi mweusi, mrefu, unadondosha tone moja moja kwenye satini. Bernadetta aliuona. Pale getini bado walikuwepo watu wa kamati, na Gladness amekaa ndani ya kirikuu, dirisha wazi. Bernadetta akasogea, akasimama kati ya Wilhelmina na watu wale.

Wilhelmina akashusha sauti. "Haya yanakaa siku ngapi?"

"Hayo mwisho wake leo, mama. Kesho utaamka na majani tu."

"Na waridi? Zisipolazwa na ndizi?"

"Ukibadilisha maji na kukata shina kila siku mbili, wiki nzima."

Wilhelmina akatazama barabarani, kama anasubiri gari. "Binti yangu ana sendofu Desemba. Hataki plastiki. Nimegombana naye mpaka juzi." Akaubana mkoba zaidi. "Sijasema kitu. Nakuuliza tu kama Desemba una nafasi."

"Ninayo, mama."

"Na usinitumie picha za Alhamisi."

"Sitarudia."

"Haya."

"Lakini hilo la kwenye mkoba nalihitaji," alisema Bernadetta. "Mzee anayahesabu."

Wilhelmina akafungua zipu taratibu, uso ameugeuzia upande wa pili, akavuta. Gugu lilitoka zima, zambarau yake imepondeka kidogo, na mizizi ikatoka na kila kilichokuwemo. Bernadetta alilipokea kwa mikono miwili. Akaanza kuichambua mizizi bila haraka, akirudisha kimoja kimoja: funguo, lipstiki, rozari, kadi ya mchango. Wilhelmina alikinga kiganja, akasubiri.